Nyota Zilizopinda za Mama Shukri

Baridi ile Mama Shukri hakutoka nyumbani. Msimu wa kuchuma zeituni aliteleza kwenye ngazi, goti likavimba, na daktari akamwambia atulie mpaka baridi ipite. Mtu mwingine angelalamika. Yeye alivuta godoro lake karibu na jiko la kuni, akafungua kopo kuukuu la biskuti alimoweka nyuzi zake, akaanza kutarizi gauni.

"La nani hilo?" nilimuuliza.

"Langu. Miaka yote hii nawatarizia maharusi wa watu. Sasa goti limenipa likizo, acha nijifurahishe."

Mimi ni jirani yake, Mama Ayed. Nyumba zetu zinagusana, na kijiji chetu kimekaa kwenye kilima juu ya mji wa Al-Khalil. Kila asubuhi, nikishaoka mkate, nilikwenda kwake kunywa chai ya nanaa. Nilimkuta amekaa na Rihab, mke wa mwanawe Shukri. Ndoa yao ilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mama Shukri ndiye aliyemfundisha Rihab kutarizi, na sasa waligawana kazi. Mama mkwe alitarizi kifua cha gauni, chenye nyota kumi na mbili nyekundu. Mkwe alitarizi pindo la chini.

"Wewe na mashoto yako," Mama Shukri alimtania. "Mishono yako yote imelala kichwa upande usiotakiwa."

"Imelala vizuri tu, mama," Rihab alijibu. "Yako ndiyo inakoroma."

Walikuwa wakicheka hivyo mpaka chai ikapoa. Nyumba ile ilikuwa na raha, nasema kweli, na mimi nilikuwa nikiionea wivu kidogo.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mambo yakaharibika.

"Mama Ayed, funga mlango," Mama Shukri aliniambia asubuhi moja. Rihab alikuwa jikoni. "Kuna mtu anachezea kazi yangu."

"Nani?"

Aliinua kidevu kuelekea jikoni.

"Rihab? Kwa nini afanye hivyo?"

"Mwulize yeye. Jana nimemaliza nyota hii, nikaiacha imekaa sawa. Leo nimepitisha kidole juu yake, imepinda. Mishono imefumuliwa ikarudishwa pembeni."

Nilichukua kitambaa. Nyota ilikuwa imepinda kweli. Mshono wetu ni nyuzi mbili zinazokatana, na kila mshono lazima uhesabiwe. Ukiruka tundu moja tu la kitambaa, ncha za nyota hazikutani. Ningeweza kumwambia, labda umekosea kuhesabu, mwenzangu. Lakini mimi napenda maneno.

"Juzi nilimwona ameshika kopo lako," nilisema.

Ilikuwa kweli. Nilimwona analifuta vumbi. Habari ya vumbi sikuisema.

Tangu siku hiyo, kila alichofanya Rihab kikawa ushahidi. Akileta chai, alikuwa anapeleleza. Akinyamaza, alikuwa anapanga jambo. Akicheka kwenye simu na dada yake, alikuwa anamcheka mama mkwe. Akauliza siku moja, "Mama, nikutungie uzi kwenye sindano?" Mama Shukri akaniangalia kwa pembe ya jicho. Rihab alipotoka akaninong'oneza, "Umesikia? Anatafuta njia ya kushika kazi yangu."

"Nimesikia," nilisema.

Halafu akatega mtego kwenye kopo, maana anayefumua na kurudishia lazima achukue sindano na uzi humo. Aling'oa unywele wake mmoja mweupe. Akaulowesha kwa maji ya sukari na kuubandika nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye kopo. Mtu akifungua kopo, unywele utakatika. Asubuhi iliyofuata alikuwa akiningoja.

"Unywele haupo!" alisema. "Nimetazama mpaka nimechoka. Haupo!"

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na chai yangu. Sikuinuka kwenda kutazama.

"Basi ni yeye," nilisema.

Jioni Shukri alirudi kutoka kazini, saruji imejaa kwenye viatu. Hata hajanawa, mama yake akamwambia, "Mkeo anafumua kazi yangu."

Nilisikia yote kutoka upande wangu. Ukuta wetu ni mwembamba, na masikio yangu hayana kazi nyingine.

"Rihab, umefungua kopo la mama?" Shukri aliuliza.

"Sijalifungua."

"Mama aliweka unywele juu yake. Umekatika."

"Aliweka nini?" Rihab alipaza sauti. "Mmenitegea mtego? Mimi panya wa nyumba hii? Na wewe Shukri, unaniuliza kama polisi?"

Nikamsikia Shukri akivua viatu vyake. Alikuwa amechoka, na hakujua amtetee nani. Rihab alivaa koti lake, akaondoka kwenda kwa baba yake, mtaa wa juu.

Kwetu, mke akirudi kwa baba yake kwa hasira, harudi kwa mumewe mpaka afuatwe. Watu wa mume huenda, huomba, hukubaliwa. Siku zikipita bila mtu kwenda, neno talaka huanza kutajwa, kwanza kwa wanawake, halafu kwa wanaume. Zikapita siku tisa. Shukri alikuwa hali chakula. Mama yake alisema, "Aje mwenyewe aombe radhi."

Lakini nyota ziliendelea kupinda, ingawa kila usiku alibandika unywele mpya kwenye kopo.

"Mama Shukri," nilisema taratibu, "Rihab hayupo. Sasa nani anafumua?"

"Amemwachia mtu kazi hiyo."

"Mtu gani?"

Akaniangalia. Akaangalia kopo, akaniangalia tena.

"Ni wewe peke yako unayeingia humu kila siku," alisema.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza Rihab alijisikiaje.

Siku ya kumi alikuja Ibtisam, nesi wa zahanati yetu, kulitazama goti. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, hana haraka, na macho yake yanaona kila kitu. Alilikanda goti, akafurahi. Kisha akataka kusogeza kopo ili aweke mkoba wake.

"Hajja, kuna unywele umeganda hapa. Niutoe?"

"Unywele gani?" Mama Shukri aliuliza kwa ukali. "Wa leo umekatika. Nimetazama asubuhi."

"Huu hapa. Mzima, umeshika kifuniko na kopo."

Niliinuka safari hii. Niliinama. Unywele ulikuwepo, mweupe, mwembamba, haukuguswa na mtu.

"Upo," nilisema.

Mama Shukri alipapasa kopo kwa kidole mpaka akaugusa. Ibtisam alimtazama, akafungua kopo na kutoa sindano na uzi.

"Hajja, nitungie hii."

Mama Shukri alinyoosha mkono mbali. Akaurudisha. Akaunyoosha tena. Uzi ulikosa tundu mara tatu.

"Hakuna mwanga," alisema.

"Saa nne asubuhi hii. Lakini kweli, dirisha liko mgongoni mwako. Unatarizi ndani ya kivuli chako. Kiangazi ulikuwa unakaa wapi?"

"Barazani, kwenye jua."

"Ndiyo hivyo. Mwanga mkali wa jua ulikuwa unakusaidia bila wewe kujua. Umeingia ndani, tatizo limejitokeza."

"Macho yangu mazima! Naona mpaka kondoo wa ng'ambo ya bonde. Yule wa mbele anachechemea."

"Wa mbali unawaona. Sindano iliyo mkononi huioni." Ibtisam alikaa chini kwenye godoro. "Sikiliza, Hajja. Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo kidogo, laini. Ukitazama karibu, kinabadilika umbo ili uone vizuri. Tukivuka miaka arobaini kinaanza kukakamaa. Mbali unaona, karibu kuna ukungu. Hili litampata kila mtu. Si kijicho cha jirani, na hakuna aliyekufanyia kitu."

"Unataka nivae miwani," Mama Shukri alisema. "Miwani huharibu macho. Ukivaa leo, kesho huoni bila hiyo."

"Watu husema hivyo, lakini si kweli. Macho hubadilika kwa umri, uvae usivae. Miwani inakusaidia tu kuona."

"Mama yangu alitarizi mpaka anazikwa. Hakuwahi kuvaa miwani."

"Nani alikuwa anamtungia uzi?"

Mama Shukri aliiangalia sindano mkononi.

"Mimi," alisema.

"Na matundu ya kitambaa, nani alimhesabia?"

"Mimi," alisema tena, polepole. "Nilikuwa nakaa miguuni pake."

Ibtisam alivua miwani yake ya kusomea. "Jaribu hii kwa dakika moja. Haijapimwa kwa macho yako, lakini utapata picha."

Mama Shukri aliivaa kwa mashaka, kama mtu anayeonja chakula cha nyumba asiyoiamini. Akachukua kitambaa. Kwanza alishtuka. Kisha akakileta karibu, akapitia nyota moja moja.

"Ni zangu," alisema.

"Nini, mwenzangu?" niliuliza.

"Mishono iliyopinda. Uzi wa juu wote umelala kulia. Rihab ni wa mashoto, wake hulala kushoto. Nimemfundisha mwenyewe, nikashindwa kumbadilisha." Alivua miwani. "Hakuna mshono wake hapa hata mmoja. Nimekosea mimi, nikamfukuza mtoto wa watu."

Alilia. Na mimi nikaona sasa ni zamu yangu.

"Siku ile niliyokwambia ameshika kopo," nilisema, "alikuwa analifuta vumbi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akanigeuzia mgongo mpaka nesi alipofunga mkoba wake. Nilistahili.

Kabla ya kuondoka, Ibtisam alitupa maagizo. "Usiende kununua miwani yoyote sokoni. Nenda kwa daktari wa macho akupime. Kuona ukungu kunaweza kuwa umri tu, lakini kunaweza pia kuwa mtoto wa jicho, au sukari kwenye damu. Sukari huharibu macho kimyakimya. Na wewe Mama Ayed, umevuka arobaini. Nenda naye."

"Mimi naona vizuri," nilisema.

"Hata yeye alisema hivyo."

Kesho yake Shukri alitupeleka mjini wote wawili. Mama Shukri alipimwa macho na damu. Hakuwa na mtoto wa jicho, sukari yake ilikuwa sawa. Ilikuwa umri. Wiki ile ile akapata miwani yake. Aliyekutwa na sukari ya juu ni mimi, niliyekwenda kusindikiza. Tangu hapo nanywa chai bila sukari na natembea kila siku mpaka kisimani. Daktari anasema nimewahi.

Tulisogeza godoro la Mama Shukri. Sasa dirisha likawa upande wake wa kushoto, ili mkono wake wa kulia usitie kivuli kwenye kazi. Kila akimaliza mstari mmoja, aliinua kichwa, akatazama kilima cha mbali, akahesabu mpaka ishirini. Akifika hapo ndipo anarudi kwenye sindano. Nyota tano zilizopinda alizifumua zote. Alizirudia kwa siku tatu, na kila ncha ikakutana na mwenzake. Niliziona. Zilikuwa nzuri, lakini hakuzifurahia.

"Nimewaita wajomba," Shukri alisema. "Ijumaa wanaume watakwenda kumfuata Rihab."

"Wanaume hawakumsingizia," mama yake alijibu. "Nilimsingizia mimi. Leta fimbo yangu."

Tukapanda mtaa wa juu, yeye na fimbo, Shukri akimshika mkono, mimi nyuma nimebeba kitambaa. Safari ya dakika kumi ilituchukua nusu saa. Baba yake Rihab, Mzee Fawaz, alitukaribisha bila kutabasamu. Ikaletwa kahawa chungu. Mama Shukri alipokea kikombe, akakiweka chini bila kukigusa, kama wafanyavyo wazee wetu waliokuja na ombi: hawanywi mpaka wakubaliwe.

"Kunywa kahawa yako, Hajja," Mzee Fawaz alisema. "Ombi lako limekubaliwa."

"Ahsante, lakini sikuja kukuomba wewe. Namwomba yeye."

Rihab alitoka chumbani. Alisimama mbali, mikono kifuani. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Macho yangu yalikuwa yananidanganya, mwanangu," Mama Shukri alisema, na hakushusha sauti, ingawa wanawake wa jirani walikuwa mlangoni. "Nilikosea kuhesabu, nikasema ni wewe. Nikakutegea mtego nyumbani kwako. Haya niliyasema mbele ya watu, na leo nayafuta mbele ya watu. Nisamehe."

"Na mimi nilichochea," nikasema. "Nisamehe na mimi."

Shukri aliinamisha kichwa. "Mimi nilipaswa kukuamini," alisema.

Rihab hakututazama sisi wawili. Alimtazama mama mkwe.

"Kesho kitu kikiharibika ndani ya nyumba," alisema, "utamwangalia nani kwanza?"

"Nitavaa miwani kwanza," Mama Shukri alisema. "Halafu nitakuita uje tuangalie pamoja."

Rihab akasogea, akainama, akagusa kile kikombe kilichokuwa chini.

"Kimepoa, mama," alisema. "Ngoja nikuletee kingine."