Majivu Chini ya Kifua

Mzee alikutwa asubuhi kwenye kinamasi kilichoungua. Kuanzia kiunoni kushuka chini alikuwa ndani ya shimo, nyama ya miguu imeiva na kuachana na mifupa. Kifua kililalia kuvumwani, ule mmea laini kama sponji, vidole vimeukamata. Shati lake mgongoni lilikuwa safi.

"Moto wa juzi umemkuta hapa," askari walisema. Jirani aliyeshukiwa kuuwasha walishamtia ndani siku ileile ya moto, na midomo walishampasua.

Inspekta hakuridhika. Alikata kuvumwani ya chini ya kifua cha maiti, akakata na ya pembeni, akaenda maabara ya udongo.

"Hii haina mizizi," mtaalamu alimweleza. "Inakunywa kinachoiangukia. Mboji, huu udongo wa mimea iliyooza, ikiungua, rutuba ya fosforasi iliyofungwa humo miaka na miaka hutoka na majivu. Ya pembeni imeshiba."

"Na ya chini ya kifua?"

"Imeshiba vilevile."

"Kama angekuwa amelala pale moto ukiwaka, majivu yangemwangukia mgongoni, yasifike chini yake."

"Basi alifika baadaye. Mboji huwaka chini kwa chini siku kadhaa. Juu unaona pamepoa. Ukikanyaga, umezama kwenye tanuri."

Wakati huo jirani alikuwa mahabusu. Na mzee, kwa macho yake mabovu, hakuwahi kuvuka ua bila kushikwa mkono.

Baada ya mazishi, binti wa marehemu alikuwa jikoni, anamenya vitunguu.

"Dada, baba yako alikuwa hai siku ya pili ya moto. Nani alimshika mkono?"

Kisu kilisimama.

"Moto aliuwasha mwenyewe, afande, kutokea hapa uani. Kila kiangazi. Majivu yanaupa udongo rutuba, mvua inaiosha, anachoma tena. Mwaka jana mwanangu alifukuza mpira, akazama humo. Tulimtoa kwa reki. Unajua baba alisema nini msibani? 'Mwaka huu vitunguu vimenona.'"

"Ukampeleka."

"Alitaka kuyashika majivu yake. Akaniuliza, 'Pamepoa?' Nikamjibu, 'Pamepoa, baba, tangulia.'"

"Alipozama ulikuwa wapi?"

"Palepale. Alininyooshea mkono."

"Nawe?"

"Nikamuuliza kama vitunguu vitanona."

Inspekta naye alikuwa na mtoto wa umri wa kufukuza mpira. Aliuliza, "Na jirani yenu? Anapigwa kwa ajili yako."

"Najua. Nampelekea uji. Mdomo haufunguki, namnywesha kwa kijiko."

"Na bado ukanyamaza?"

"Nilitaka kwanza nimzike baba, nihakikishe amefukiwa."

Alinawa mikono, akainyoosha afungwe pingu. Njiani aliomba jambo moja tu: jirani asiambiwe aliyemuua mzee ni nani.

Inspekta alimwambia mwenyewe, akimfungulia mlango wa selo. Jirani aliinama pembeni ya ukuta, akajitia vidole kooni, akautapika uji wote.