Mashine Haikupumzika

Saa tisa na robo alasiri. Lori jeupe la tangi lilipanda mizani ya mpakani.

Karatasi za dereva zilisema tangi ni tupu. Matairi yalisema vingine.

Msasa aliyatazama kupitia dirisha la chumba cha mitambo, bisibisi mkononi, bastola ya Glock chini ya ovaroli ya fundi umeme. Hasira aliyokuwa nayo tangu jana hakuwa na nia ya kuimeza.

Mdogo wake alikuwa mahabusu.

Ndiye aliyeandika programu ya mizani ile: kompyuta ndogo ndani ya sanduku la chuma, inayopima lori, kulinganisha uzito na karatasi, kuandika rekodi kwenye hifadhidata, kisha kufungua kizuizi au kukifunga. Tangu mwezi uanze, faili la hifadhidata lilikuwa likiharibika. Mafundi walirudisha nakala nzima, likaharibika tena. Kila mara mashine iliamka haikumbuki kitu, na kizuizi kikajifungua chenyewe ili foleni isikwame.

Bunduki za magendo zikapita. Wakubwa wakasema programu ni mbovu na aliyeiandika kahongwa. Kesho angepandishwa kizimbani.

"Msasa." Sauti ya Mkuu wake wa upelelezi ilikwaruza kwenye kisikilizio cha simu sikioni. "Una nini?"

"Nimezifungua faili zote zilizoharibika. Kila moja imekatika katikati ya rekodi, kama mtu aliyezibwa mdomo anaongea."

"Hitilafu ya programu, basi."

"Hitilafu haijui zamu za watu, Mkuu. Zote zimekatika wakati wa kupokezana zamu. Umeme ulizimwa mashine inaandika."

"Nani kauzima?"

"Subiri."

Mlango ulifunguliwa. Msimamizi wa zamu aliingia anajipepea kwa kofia, tumbo mbele, tabasamu mbele zaidi.

"Fundi, hujaondoka tu? Hebu nipishe, dada yangu. Tunapokezana zamu. Mashine nayo ipumzike, ipoe."

Pale kituoni wote walifanya hivyo. Walianza zamani, feni ya sanduku ilipokuwa mbovu. Feni ikabadilishwa, mazoea yakabaki. Ila wengine walingoja mizani iwe tupu kwanza.

"Kuna lori juu ya mizani," Msasa alisema.

"Litangoja. Kwani linawahi harusi?"

"Lishuke, ndipo uzime."

"Wewe ni fundi wa nyaya au bosi wangu?"

Taa ya kijani kwenye sanduku ilianza kupepesa. Mashine ilikuwa inaandika.

Msimamizi hakuigusa swichi mpaka alipoiona taa ile. Ndipo akaivuta.

Msasa hakuhitaji ushahidi mwingine.

Feni ikanyamaza. Skrini ya ukutani ikazimika.

Taa ya kijani ikaendelea kupepesa.

"Hii nayo vipi?" Akaipandisha swichi, akaishusha. "Nini hiki?"

"Betri. Nimeifunga humo ndani asubuhi. Mashine ikianza kuandika, inamaliza."

Kijani kikatulia. Nje, kwenye laini yake yenyewe ya umeme, kizuizi kilijifunga: komeo la mbele, komeo la nyuma.

Msimamizi alichomoa redio ya mkononi. "Rudi nyuma! Rudi ny—"

Msasa alimpiga kiganja cha koo, akampinda mkono, akambana shavu kwenye sanduku la chuma.

"Dada, tuzungumze. Sisi watu wazima..."

"Usiniite dada. Anayeniita hivyo umemlaza sakafuni, mahabusu."

Pingu zikalia.

Huko nje dereva aliruka chini na bastola. Utingo wa lori la nyuma akamnyooshea bunduki ya Uzi; hakuwa utingo, alikuwa askari kanzu. Dereva aliiangusha silaha kama imemuunguza. Askari wakafungua tangi. Ndani, makasha ya bunduki yamefungwa kwa mpira mweusi, yamepangwa hadi juu.

"Rekodi ipo?" Mkuu aliuliza.

"Nzima. Uzito, namba ya lori, na dakika aliyozima umeme. Sasa mtoe mdogo wangu. Na aliyesema kahongwa aende mwenyewe kumwomba radhi."

"Msasa, taratibu..."

Alizima simu. Akavua ovaroli, akaitundika msumarini, akatoka bila kutazama nyuma.

Jua halijazama, mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Mdogo wake alitoka ameshika suruali, mkanda hawakumrudishia.

"Dada. Ilikuwa programu yangu?"

"Ilikuwa swichi. Lakini kizuizi kinachojifungua mashine ikisahau, hicho ni chako. Ulifikiria foleni, hukufikiria wezi."

Kijana aliinamisha kichwa. "Nitakirekebisha."

"Leo."

Akapanda gari. Msasa akawasha injini.