Ukungu kwenye Ukuta wa Kabula

Kila asubuhi, kabla ya kufungulia ng'ombe, Luhaga wa Sapiwi alisimama kimya akasikiliza. Alisikiliza kifua cha binti yake, Kabula, aliyelala upande wa pili wa ukuta. Ukuta huo ulikuwa wa bodi. Bodi zilitengenezwa Bariadi kwa mabua ya pamba yaliyosagwa, yakatiwa gundi, yakagandamizwa.

Asubuhi hiyo kifua kililia kama filimbi. Kabula alikuwa na pumu, na tangu mvua zianze haikumpa nafasi. Luhaga akamulika tochi. Chini, karibu na sakafu, bodi zilikuwa zimevimba na kuota madoa meusi yenye manyoya.

"Mama yako nimemzika," alisema. "Wewe sikuziki kwa ajili ya mbao za wakubwa."

Akachukua jembe, akaanza kubomoa. Vumbi likajaa chumbani.

Jirani yake, Veronica, alisikia kishindo akaja mbio. Yeye alifanya kazi kwenye karakana ya bodi hizo.

"Mwangaluka, baba Kabula."

"Usinisalimie. Wakubwa walikuja kuifungua karakana yenu na vipaza sauti, wakakata utepe, wakala mbuzi, wakapotea. Kitu ambacho hakikuota ukungu ni utepe tu."

"Nitukane baadaye. Vumbi la ukungu ndilo linalomkaba mtoto. Mtoe nje."

Luhaga akageuka. Kabula alikuwa amejikunyata kitandani, mabega yakipanda na kushuka, hawezi hata kuita. Jembe likaanguka. Alimbeba hadi uani, akampa dawa yake ya kupulizia. Haikutosha. Veronica akaita bodaboda, wakampeleka zahanati. Huko Luhaga alisimama ukutani mpaka pumzi ya mtoto iliporudi.

Mchana walirudi. Kabula akakaa nje, mbali na mlango. Veronica alifunga kitambaa puani, akakwangua kipande cha bodi.

"Umepaka nini hapa?"

"Udongo na samadi. Marehemu mke wangu alikandika kila ukuta wa nyumba hii. Nikaona na huu usiachwe."

Veronica akamwonyesha kile kipande. "Ukuta wa udongo unakubali. Bodi haikubali. Bua la pamba lina kiini laini chenye sukari. Likinywa maji, ukungu unapata chakula. Wewe umeuandalia ugali na mboga."

Kabula akacheka kwa sauti ndogo.

"Na nani alituambia hayo?" Luhaga aliuliza.

"Hakuna. Hapo una haki. Hata sisi mwanzo hatukuwa tukiosha mabua. Sasa tunayaloweka kwenye maji moto, sukari inapungua. Tunayatia boraksi, dawa ya kuzuia ukungu. Tunayakausha, ndipo tunagandamiza. Lakini hata hivyo, bodi haitaki maji."

Kwanza walinyunyizia maji kidogo bodi zilizooza ili vumbi lisiruke, wakazitoa na kuzifukia mbali na nyumba. Bodi mpya kutoka karakana Luhaga aliziweka juu ya matofali, zisiguse sakafu. Alizipaka rangi ya mafuta pande zote, hata kwenye kingo, maana kingo ndizo hunywa maji upesi. Akaziba paa lililovuja. Akatoboa dirisha, upepo upite.

Kisha akaenda karakana, akamkabili msimamizi mbele ya wanunuzi.

"Siku ya utepe mlikuwa na midomo mingi. Mseme na hili: bodi hii isilowe, isikandikwe."

Tangu siku hiyo kila bodi ilitoka na maneno hayo, yameandikwa kwa rangi nyekundu.

Mvua kubwa zikaja. Asubuhi moja Luhaga alisimama kusikiliza, kama kawaida. Hakusikia kitu. Hakuna filimbi, hakuna kikohozi. Alisukuma mlango bila hodi.

Kabula alikuwa ameketi, anafunga viatu vya shule.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna, mayu, mama yangu mdogo," alisema, akiushika mlango. "Nenda, utachelewa."

Alimtazama mpaka akapotea njiani, akamaliza kufungulia ng'ombe jua likiwa juu.