Vinyago vya Rangi ya Gari

Sumaku hakuwa na mke, hakuwa na gari la idara ya polisi, hakuwa na risasi zaidi ya mbili katika bastola yake ya Beretta. Tena hakuwa na kipaji cha mdogo wake. Hilo la mwisho ndilo lililomkaa rohoni kama mwiba.

Redio ikakoroma.

"Sumaku! Vinyago vitatu vya kale vilivyoibwa makumbusho vimo ghalani hapo uwanja wa ndege. Vimepakwa rangi vifanane na kazi za mdogo wako. Mkamate wakala wake, yule mgeni. Na mdogo wako pia."

"Kwa furaha, Mkuu."

Hakutania.

Akafika, akapiga mlango wa ghala teke. Wakala akachomoa bastola, Glock. Sumaku akamuwahi.

Risasi moja tu. Glock ikaruka, wakala akabaki ameshika kiganja akilia.

Mdogo wake, msanii, akachungulia nyuma ya kreti, tiketi ya ndege ya kwenda kwenye maonyesho yake ng'ambo mkononi.

"Kaka! Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukufunga."

Babu aliwafundisha wote wawili kuchonga. Kinyago cha Sumaku kiliishia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mdogo alivipulizia vyake rangi ya magari, akavitia sura za katuni za ng'ambo. Wazee wakamwita kasuku wa wageni, vijana wakamwita fundi. Sumaku hakuitwa chochote.

Akavunja kreti, akavigeuza vinyago mwangani. Vingi vilikuwa laini kama boneti.

Vitatu vilikuwa na michirizi ya brashi.

Mdogo wake hashiki brashi. Hupulizia kwa mashine ya gereji. Na katika idara nzima, nani mwingine alijua hilo?

Akinyamaza, dogo anaozea jela.

Kimya kilikuwa kitamu.

"Kaka, mbona hunitazami?"

Sumaku akashusha pumzi, akamgeukia wakala. "Umepaka wewe. Kwa brashi, kama ukuta wa choo!"

"Nilijitahidi kumuiga," wakala akanung'unika.

"Miaka yote wanasema dogo anaiga wageni. Leo mgeni anamuiga yeye! Mimi hata mwizi hanitaki."

"Kaka, nikuchongee kimoja?"

"Funga mdomo, panda ndege."

Idara haimsafishi mtu kwa redio, hutaka barua yenye sahihi. Sumaku akaandika palepale juu ya kreti: Msanii hana hatia. Aachwe asafiri. Kazi yake ni nzuri.

Akaikata sentensi ya mwisho.

Akaiandika upya.

Akalamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akampa tarishi wa pikipiki wa idara aliyesubiri nje, aipeleke kwa Mkuu.

"Kimbiza, kabla sijaghairi."