Chumba cha Mgeni kwenye Kabati la Chaji

Umeme ulikatika Jumatatu jioni na ukarudi Jumatano, lakini Jumanne asubuhi simu zote za nyumba ile zilikuwa zimejaa chaji mpaka juu. Baba mwenye nyumba, fundi friji, alitoa yake kabatini, akaitazama, akaitia mfukoni na kwenda zake kazini akipiga mluzi. Neema ya bure nani anaiuliza imetoka wapi? Mkewe tu ndiye aliyebaki mbele ya kabati, mkono kiunoni. Akagusa waya wa ukutani, ukawa wa baridi. Akaingiza mkono ndani ya kabati, akakuta joto kama la kitanda alichotoka mtu sasa hivi.

Tumjue kwanza huyu mwanamke. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ikikaa sebuleni kando ya dirisha, na majirani walimwita Mama Mstari. Kwake viatu vilipangwa kwa ukubwa, vijiko vililala ubavu mmoja, na ukipiga chafya bila kuziba pua alikutazama mpaka ukajuta kuzaliwa. Kilichomshinda kilikuwa nyaya. Nyaya za simu, za saa ya mumewe, za kifaa cha sikioni cha mama mkwe aliyekuwa kiziwi bila hicho, zote zilijisokota sakafuni, na siku mama mkwe alipojikwaa nusura avunje nyonga, Mama Mstari akaapa kwamba sasa basi. Akamwendea seremala, akaagiza kabati dogo la ukutani la vyumba vinne, kila chumba na tundu la waya nyuma, kila mtu na chake.

Seremala akaleta lenye vyumba vitano. Ubao ulibaki, akasema, na kuutupa ni dhambi.

Mtu mwingine angetia humo betri kuukuu, mambo yakaisha. Huyu, thubutu. Alikuwa ameshatarizi vitambaa kwa uzi mwekundu, akavibandika kwenye vijimlango: BABA, MAMA, BIBI, na KASUKU. Kasuku ndiye binti yao wa pekee, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Chumba cha tano kikabaki uchi, na kila Mama Mstari alipopita hapo roho ilimkereketa. Mwisho akaketi, akatarizi MGENI, akakibandika, akapitisha waya wa chaji na kuuacha umelala humo na umeme wake.

Mumewe alicheka. "Mgeni gani huyo, mke wangu? Dada yangu mwenyewe akibisha hodi unazima taa."

"Atakayekuja atakuta pake," akajibu.

Na tangu siku hiyo, kila jioni akishafunga vijimlango, alikuwa na neno lake: "Haya, kila mtu kwake."

Baada ya ile Jumanne ya chaji ya bure, wa kwanza kulalamika alikuwa bibi. Asubuhi akivaa kifaa chake kilichotoka kabatini, anakaa kidogo, kisha anakunja uso.

"Kuna mtu anahema humu," akasema, akigonga sikio. "Anahema kama aliyekula akavimbiwa."

"Ni upepo tu, mama," Mama Mstari akamwambia.

"Upepo haubeui, mwanangu."

Kasuku alicheka mpaka chai ikamtoka puani, na mama yake akafuta meza. Hakuna aliyelitia jambo hilo maanani. Kisha ikaja harufu, ya nywele zilizopitiwa na pasi ya moto, ikitoka kwenye kabati na kuingia katika nguo za wateja. Mama Mstari akasugua kabati kwa siki, akasugua kwa sabuni, na harufu ikarudi imenona zaidi. Fundi friji akaanza kuamka amechoka kuliko alivyolala. Siku moja akasinzia juu ya ngazi kazini, akaanguka na kuvunjika mguu, akalazwa hospitali. Simu yake waliyoleta wenzake ilikuwa imejaa chaji. Bibi naye akawa wa kusinzia, anasinzia akila, anasinzia akiswali, kijiko mkononi au tasbihi mkononi.

Halafu Kasuku akanyamaza.

Hakununa wala hakuugua homa. Alikuwa akisimulia habari za shule, akafika katikati ya sentensi, na sentensi ikaishia hapo, naye akabaki akimtazama mama yake kama mtu aliyesahau mlango wa kwao. Zahanati walimpima damu, wakasema damu ni nzuri, ale mboga. Akala mboga. Kesho yake hakuweza kuinua kikombe. Mama Mstari aliogopa sasa, aliogopa waziwazi, maana mtoto ni huyo mmoja na kizazi kilikuwa kimeshafunga.

Mchana huo, akiwa amemlaza Kasuku kwenye kochi la sebuleni, akakiona kijimlango cha MGENI kimejiachia kidogo, akaenda kukifunga kwa sababu mkono wake haukuweza kuacha kitu wazi, akaona ule waya aliouacha umelala sasa umeinua ncha, na ncha ina unyevu, na waya wenyewe unatuna, unatulia, unatuna, unatulia, akaushika kabla akili haijamkataza, ukawa wa moto na laini ndani ya kiganja chake, akageuka kumtazama mwanawe na kuona mshipa wa shingo yake unapiga, akasubiri, akahesabu kimoyomoyo, na kila mshipa ulipopiga pale kwenye kochi, waya nao ulimeza.

Akautupa. Akautia kisu, kisu hakikuuma. Akachomoa plagi ukutani, na waya ukaendelea kumeza.

Mganga aliyemleta alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, mtu wa kutoa majini tangu ujana wake. Hakuligusa kabati. Alisoma vitambaa kwa mbali, akafika kwenye cha tano, akavuta pumzi.

"Nani ametarizi hicho?" akanong'ona.

"Mimi."

"Mamangu we, hukutarizi. Umealika. Umemtengea chumba, umemwekea chakula, na kila jioni unamwambia nini?"

Mama Mstari akavitazama vijimlango. "Kila mtu kwake."

"Basi yuko kwake. Huyu hakuvunja mlango, na mimi sina mamlaka ya kumtimua mgeni wa mtu. Utamtoa wewe, kwa mkono uliomkaribisha. Fumua jina lake uzi kwa uzi, bila kukata, mpaka herufi ya mwisho."

"Na mwanangu?"

"Ndiye anayenyonywa sasa; ile chaji ya bure ilitoka miilini mwenu. Ukianza kufumua, jini atamng'ang'ania aondoke naye. Kwa hiyo ashikwe mkono na mtu wa damu yake, asiachwe hata kidogo mpaka umalize."

"Nitamshika mimi."

"Wewe una kazi. Atamshika bibi yake, chumbani, mlango umerudishwa. Vifaa vyote vya humu nitatoka navyo, nikae navyo barazani, asipate pa kujibanza. Na sikiliza vizuri, mwanangu. Wageni wa namna hii hawapendi kuondoka. Anaweza kukuita kwa sauti yoyote anayojua itakuumiza. Usigeuke, usiitike."

Wakamhamishia Kasuku chumbani, wakakusanya simu, saa, spika, na bibi akavua kifaa chake sikioni akakitoa. Mama Mstari akamwonyesha kwa ishara, shika, usiachie, na bibi akaitikia kwa kichwa, akaufunga mkono wa mjukuu wake ndani ya mikono yake miwili. Mlango wa chumba ukarudishwa. Mganga akatoka barazani na mfuko.

Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa sebuleni, watu wakipita nje na mazungumzo yao. Mama Mstari akachukua sindano, akaanza na M. Uzi ulitoka kwa shida, kama unavyong'oa mzizi, na kabati likaanza kunguruma kwa ndani. Hakutetemeka. Mkono wake haukuwahi kutetemeka kwenye kitambaa. M ikatoka, akaingia kwenye G.

"Mama."

Ilitoka nyuma yake, ndogo, ya Kasuku kabisa. Nywele zilimsimama. Akauma mdomo, akavuta uzi.

"Mama, bibi amelala."

Angalia ujanja huo, akajiambia. Jini huyu anajua mpaka udhaifu wa mama mkwe. G ikatoka.

"Mama, ameniachia mkono. Nimemwamsha, hanisikii."

Kabati lilikuwa likitikisika ukutani na harufu ya nywele za kuungua imemjaa mpaka machozi yanamtoka, naye hakuyapangusa, aliifumua E, kisha N, huku akinong'ona jina la mwanawe ili asisikie sauti ile, na kadiri alivyonong'ona ndivyo sauti ilivyosogea, sasa iko chini, sakafuni, inakuja kwa kujiburuta, inasema miguu siisikii, inasema mama nitazame kidogo tu, inasema mama ninavutwa, mpaka vidole vya baridi vikashika pindo la gauni lake, naye, akiwa na herufi moja mbele yake na mapenzi yote ya dunia kifuani, akavipiga teke.

Vidole vikaachia.

Akafumua I mpaka uzi wa mwisho. Kabati likatulia. Harufu ikakatika kama dirisha limefunguliwa, na waya ukaanguka chini, waya tu, wa kununua dukani. Mama Mstari akapumua. Alikuwa ameshinda, na furaha ilimpanda. Akageuka kwenda kumkumbatia mwanawe.

Mganga aliposikia ukimya akaingia. Akamkuta amepiga magoti sakafuni, kichwa cha Kasuku mapajani, anamtengeneza nywele, anamnyoosha kola ya gauni. Macho ya mtoto yalikuwa wazi. Mganga akamshika shingo, akangoja, akaondoa mkono.

"Huyo wa kabatini," akauliza polepole, "alikuita?"

"Hakusema kitu. Alinguruma tu."

Mganga akakaa chini palepale.

"Na huyu?"

"Huyu aliniita," akasema Mama Mstari, akilainisha kola iliyokwisha kulainika. "Aliniambia bibi amelala."

Kutoka chumbani, nyuma ya mlango uliobaki wazi nusu, walimsikia bibi akikoroma.