Kifaa cha Pili

Aliyepatwa na haya ni rafiki yangu, karani wa masjala, mwanamke asiyejua kutia chumvi. Umeme ulikatika saa tisa mchana, na chumba chake cha chini hakina dirisha. Alikuwa hoi kwa uchovu, lakini kibali cha dada yake kufanyiwa upasuaji kilipaswa kufika hospitali kabla ya saa kumi. Akaifanya simu yake modemu ya kompyuta. Simu ikaonyesha vifaa viwili vimeunganishwa.

“Kaka, unaninyonyea intaneti?” akamwita mlinzi mlangoni.

“Kwa kisimu hiki cha tochi? Tumebaki wawili jengo zima, dada.”

Akabadilisha nywila. Kifaa cha pili kikatoka, kisha kikarudi. Hakuwa na nguvu za kubishana nacho. Akatuma kibali hivyo hivyo. Kilipokwisha kwenda tu, betri ya kompyuta ikaisha, giza likatanda.

Ndipo nyuma ya makabati vitufe vya kompyuta vikaanza kugongwa, taratibu, kimoja kimoja.

Simu ikaita.

“Cha dada yako tumekipata,” akasema muuguzi. “Na hiki chenye jina lako kama mgonjwa, kinachoingia sasa hivi, nacho tukipitishe?”

Nyuma ya makabati, kugonga kukakoma.