Asali Iliyorinwa Kabla ya Kuiva

Eustadia huamka kabla ya jua. Hufagia ua, huwasha moto, huukoroga uji wa mama mkwe wake, Bibi Nyamizi. Kisha huchukua jembe na kwenda kwenye shamba la karanga. Ndivyo anavyoishi tangu mume wake, Raymundi, afariki. Binti yao Bertila ameolewa Nzega. Nyumba imebaki ya wajane wawili, na kazi zote ni za mmoja.

Kijiji chao kipo njia ya kwenda Ulyankulu. Nyuma yake ni msitu, na msituni Raymundi aliacha mizinga ya nyuki thelathini na sita, ya magome ya miti. Ukoo ulikubali mkewe abaki nayo, ila kwa shingo upande. Kule kwao mizinga ni kazi ya wanaume. Mwanamke husimama chini ya mti na ndoo yake.

"Utaiangalia mwaka mmoja, tuone," walimwambia.

Mwaka mmoja! Mali ya mumewe, na yeye anawekwa kwenye majaribio.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Miti ya muba, ambayo maua yake huwalisha nyuki, ilichanua karibu mwezi mzima baada ya siku zake. Hata hivyo, mwezi wa tano Xavery alifika na kamba begani. Xavery ni mdogo wa marehemu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bibi Nyamizi.

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia Eustadia. "Shemeji, tayarisha ndoo. Kesho tunarina."

"Mbona maua bado yapo mtini?"

"He! Umeanza lini kujua nyuki, wewe? Kila mwaka tunarina mwezi wa tano."

Kesho yake Xavery alipanda mti wa kwanza. Alikumbatia mzinga, akaunyanyua kidogo. "Mzito huu! Umeiva." Wengi kule walipima hivyo hivyo, kwa mikono. Akausogezea mwenge wa nyasi zinazowaka. Nyuki wakaungua, wakaanguka chini. Akakata masega yote, hakubakiza hata moja.

Chini ya mti, Eustadia aliyapokea masega akayatazama. Matundu yalikuwa wazi. Asali ilichuruzika kama maji. Katikati kulikuwa na majana, yaani watoto wa nyuki, bado wanacheza. Moyo ulimwambia, sema. Hakusema. Aliogopa kuambiwa kwamba mwanamke anamfundisha mwanamume kazi. Hilo lilikuwa kosa lake, na lilimgharimu.

Mwezi wa saba ilifika misa ya kumkumbuka Raymundi. Baada ya misa ukoo ulikaa uani, wakaomba asali ya marehemu. Eustadia alifungua ndoo mbele ya watu wote. Loo! Povu lilipanda mpaka ukingoni. Harufu ya pombe ikajaa uani.

"Kumbe Raymundi ametuachia gongo!" mzee mmoja alisema. Watu wakacheka, siku ya kumbukumbu ya mtu.

Eustadia alimtazama Xavery. Yeye ndiye aliyechagua siku. Yeye ndiye aliyepima na kukata. Xavery alitazama chini, kisha akasimama.

"Nilijua tu," alisema. "Mwanamke na mizinga, wapi na wapi?"

Eustadia alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Kabla jua halijatua ukoo ulikuwa umeamua. Xavery achukue mizinga thelathini. Eustadia abaki na sita mibovu iliyo karibu na shamba, asije akasema amenyang'anywa. Na kweli walimnyang'anya.

Asubuhi yake Mwanne alimkuta amekaa jikoni, moto umezimika. Mwanne ni jirani yake. Anafuga nyuki pamoja na kikundi cha akina mama, na ana ulimi mkali.

"Lia, Mama Bertila. Ukimaliza, twende kwenye mizinga yako."

"Mizinga gani? Sita tu, tena imetoboka."

"Sita si sifuri. Haya, niambie, mlijuaje kwamba asali imeiva?"

"Xavery aliinyanyua. Ilikuwa mizito."

"Na maji je, si mazito?" Mwanne alisonya. "Sikiliza. Nyuki analeta maji matamu ya maua. Hiyo bado si asali. Anayapepea kwa mbawa zake mpaka yapungue. Yakishakuwa mazito, anafunika kila tundu kwa nta. Asali iliyofunikwa imeiva. Iliyo wazi ina maji mengi, na hiyo ndiyo inayochacha."

"Niliona matundu yako wazi," Eustadia alisema polepole.

"Uliona?"

"Niliona, Mwanne. Nikanyamaza."

Mwanne hakumbembeleza. "Basi usinyamaze tena. Usipime kwa mikono wala kwa mwezi. Funua mzinga, tazama. Matundu matatu kati ya manne yakiwa yamefunikwa, kata. Yakipungua hapo, rudi nyumbani ukangoje. Na ule moto wenu muuache. Tumia moshi kidogo. Majana usiyaguse, na asali wabakizie, nyuki nao wanakula."

Eustadia aliziba palipotoboka kwenye mizinga yake sita. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, Xavery alirina kama kawaida yake. Eustadia alipanda ngazi mwenyewe, akafunua, akatazama. Nusu tu. Akashuka.

"Shemeji, utarina Krismasi?" Xavery alimcheka njiani.

Wiki iliyofuata alipanda tena, akashuka mikono mitupu. Aliogopa wezi. Aliogopa kuchekwa mara ya pili. Lakini alingoja. Mwezi wa sita ulipokaribia kwisha, alifunua akakuta masega yamefunikwa karibu yote. Akapuliza moshi, akakata kwa kiasi.

Kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka ule alifungua ndoo yake. Hakukuwa na povu. Bibi Nyamizi alionja, akaonja tena.

"Xavery, na yako iko wapi?"

Ilikuwa imechacha yote. Akabanwa kwa maswali, akakiri na jambo lingine: nyuki walikuwa wamehama. Kati ya mizinga thelathini, ishirini na miwili ilikuwa mitupu.

"Mrudishieni mke wa Raymundi mizinga yake," Bibi Nyamizi alisema. Hakuna aliyebisha.

Eustadia hakushangilia. Walimpokonya mizinga yenye nyuki, wakamrudishia magome. Safari hii sauti ilitoka.

"Xavery, asali ile ya mwaka jana uliirina wewe, ukanitupia mimi mbele ya watu hawa."

"Nisamehe, shemeji."

"Si leo. Leo lete ngazi, tukasafishe mizinga."

Waliisafisha yote, wakaipaka nta ndani ili nyuki wapya wavutwe na harufu. Makundi machache yaliingia. Mwezi wa kumi na moja, msimu mdogo wa asali, Xavery alipanda kwenye mzinga mmoja, Eustadia akiwa chini. Hakuunyanyua. Alifunua akachungulia.

"Nusu tu yamefunikwa," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunangoja."

Alishuka, wakarudi nyumbani kila mtu na njia yake. Asali ya nyumba ile haijachacha tena. Xavery hajasamehewa bado.